Ngozi kwenye Gurudumu

Msumeno wa Yoakimu Sulle ulikuwa umekwanguliwa kutu, umepakwa rangi ya kijani, umetiwa grisi na kufungiwa mota, na bado ulikuwa haujakata hata kijiti cha kuchokolea meno. Majirani pale Balangdalalu walishaupa jina: Mchumba. Kisa, walisema, unapambwa, unagharimiwa, unabembelezwa, na jibu hautoi.

"Mchumba kaamkaje leo?" Patriki aliuliza akiingia bandani. Patriki ndiye fundi wa kuchomelea wa kijiji, na ndiye aliyemsaidia Yoakimu kuufufua mtambo huo kipande kwa kipande.

"Kaamka na jeuri," Yoakimu alijibu.

Ulikuwa msumeno wa mkanda wa zamani sana, chuma kizito, mrefu kuliko mlango. Gurudumu moja juu, jingine chini, na utepe wenye meno ukizunguka kutoka hili hadi lile. Ulikuwa umetelekezwa nyuma ya karakana ya misheni iliyofungwa, kuku wakitagia ndani yake, mpaka Yoakimu alipoubadilisha kwa maksai wake wawili. Mkewe, Gaudensia, hakugombana naye siku hiyo. Aliuliza tu msumeno unalima ekari ngapi kwa siku, kisha akaendelea kupepeta mahindi.

Kilichobaki ni kuyavisha magurudumu. Utepe hauwezi kupita juu ya chuma kitupu, unateleza, unaruka. Zamani magurudumu hayo yalivishwa ngozi, lakini ngozi yenyewe ilishaliwa na panya na unyevu. Yoakimu alipiga simu duka moja la Arusha kuulizia mpira wa kuvisha. Dada wa dukani akataka kujua mashine ni ya mwaka gani. Alipotajiwa, akauliza kwa upole kabisa kama wamejaribu makumbusho.

Kwa hiyo siku hiyo walikuwa wamevisha mpira wa ndani wa baiskeli.

"Washa," Patriki alisema, akijisogeza nyuma ya meza.

Yoakimu akawasha. Magurudumu yakazunguka vizuri, utepe ukaimba, wanaume wawili wakatazamana kama watu wanaosikia mtoto anasema neno la kwanza. Kisha mpira ukapata joto. Utepe ukalia, ukaruka, ukachana bati la ukuta toka juu hadi chini na kulala sakafuni ukitetemeka.

"Sasa una dirisha," sauti ya Patriki ilisema kutoka chini ya meza.

Ndipo Mzee Pascal Qamara, mwenyekiti wa kamati ya kigango, alipochungulia kupitia dirisha hilo jipya.

"Shikamoo mzee," wote wawili walisalimu kwa pamoja, mmoja akiwa amelala.

"Marahaba. Naona kazi inaendelea." Mzee Pascal alikuwa mtu mwema, aina ile inayokuumiza kwa wema. "Yoakimu mwanangu, askofu anakuja kutoa kipaimara. Tulikubaliana mabenchi yenye mikono ya kupinda, kama ya parokiani. Mimi nilikutetea kwenye kamati. Nilisema kijana ana mashine."

"Ninayo mzee."

"Naiona." Akaliangalia bati. "Jumapili nioneshe benchi moja tu. Nikiliona, kazi yote ni yako. Nisipoliona, kuna kijana Katesh ana mashine mpya. Kelele yake peke yake inakupa imani."

Akaaga kwa adabu, akaondoka. Maksai walishakwenda. Shamba lilikuwa halijalimwa, na wenye majembe ya ng'ombe hawalimi kwa ahadi. Kama mabenchi yangekwenda Katesh, nyumba ya Yoakimu ingebaki na mashine ya kijani nzuri sana ya kuanikia nguo.

*

Alijaribu ngozi ya ng'ombe kutoka buchani. Akaikwangua, akaianika, ikakauka ikawa ngumu kama bati, na mbwa wa kijiji kizima wakahamia kwake. Mmoja alifika na watoto wake.

"Hii haifai hata kuzikia," Patriki alisema, akiigonga kwa kucha. "Inatakiwa ngozi iliyolainishwa kwa mkono. Pana, ndefu, nyembamba. Ya siku nyingi, iliyokula siagi ikashiba..."

Wote wawili walijua ngozi ya namna hiyo ilipo. Patriki aliitazama nyumba ndogo ya mama yake Yoakimu upande wa pili wa ua, kisha akatazama viatu vyake.

"Mimi sijasema kitu," alisema, akachukua kofia yake akaondoka.

Mama yake Yoakimu alikuwa Mdatoga wa uwandani aliyeolewa kwa Wairaqw. Kanisani aliitwa Scolastica. Kwao waliendelea kumwita Udahayda, naye aliitikia kote. Wiki hiyo hakuwepo. Alikuwa Masakta kwa binti yake, Efrazia, aliyejifungua. Nyumbani mwake, kwenye boriti, lilining'inia begi, na ndani ya begi kulikuwa na hanang'wenda yake, sketi ya ngozi ambayo mwanamke wa Kidatoga huivaa akishaolewa. Ilikuwa imelainishwa kwa siagi mpaka ikawa kama kitambaa, imeshonwa shanga kwenye pindo, na ilinuka moshi na maziwa.

Yoakimu aliishusha mchana kweupe. Gaudensia alimkuta ameitandaza kitandani, anaipima kwa futi.

"Mama amebatizwa," Yoakimu alisema kabla hajaulizwa.

"Sijasema hajabatizwa."

"Umemwona akiivaa lini?"

"Na wewe umeniona nikivaa gauni la harusi lini? Lipo sandukuni. Kalikate na lenyewe."

"Gauni lako ni la nailoni. Lingeyeyuka."

Gaudensia hakucheka. Alisimama mlangoni, na kutoka mlangoni alikuwa analiona shamba, magugu yake na mabua ya mwaka jana yaliyolala. Alilitazama kwa muda. Yoakimu naye alimtazama akilitazama, na kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu za vipimo, alijua hasa lini mkewe alikuwa amepima na kumaliza.

Gaudensia akaja akashika ncha ya pili.

"Mimi sijaona kitu," alisema, huku akiivuta vizuri isikunjane.

Mkasi ulikataa. Kisu cha randa kilikubali. Walikata vipande virefu, vizuri, vilivyonyooka, na kila mara kisu kilipofika kwenye shanga Gaudensia alizifumua kwanza kwa sindano, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Kisha gundi ya viatu ikakataa kushika, maana siagi ilikuwa imeingia ndani kabisa. Ikabidi waloweke vipande kwenye petroli. Harufu ya maziwa ikatoka, harufu ya moshi ikatoka, na kwenye beseni ikabaki mafuta ya manjano yakielea juu. Gaudensia alikwenda kuyamwaga mbali, nyuma ya choo. Alirudi akanawa mikono, halafu akanawa tena.

Yoakimu alikunja gunia tupu la mahindi, akaliingiza ndani ya begi ili begi lining'inie kwa uzito uleule, akalirudisha kwenye boriti. Hapo ndipo hasa alipojua anafanya nini. Mtu asiyekosea hakunji gunia.

*

Msumeno ulikata.

Ulikata mbao za mkungu na mvule wa zamani, ukapinda pale Yoakimu alipoupindisha, ukatoa mkono wa benchi laini kiasi kwamba msasa ulikosa kazi. Hakuna kilichoteleza, hakuna kilicholia. Patriki alikuja, akaangalia gurudumu la juu, akaona rangi ya ile ngozi, akaacha utani aliokuwa ameuandaa njiani. Alisema tu, "Unakwenda," na Yoakimu akasema, "Unakwenda." Furaha ilimjaa Yoakimu kifuani mpaka akaona aibu, akatafuta cha kufagia.

Jumapili Mzee Pascal aliliona benchi, akalikalia, akashikilia mikono yake yote miwili kama dereva wa lori. Kazi yote ikawa ya Yoakimu.

Mama alirudi kutoka Masakta katikati ya wiki, na kuku wa zawadi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimemsikia mchumba wako toka barabarani. Anaimba." Alikuwa anatabasamu. "Hongera, mwanangu. Nilikuombea."

"Asante mama. Mbona umewahi? Efrazia hajambo?"

"Hajambo na mtoto mnono. Nimewahi kwa ajili ya mvua. Wanawake wa kwetu wanakwenda chini ya Mlima Hanang kuiomba. Kesho wanapita hapa, natoka nao."

Yoakimu aliitazama nyumba ndogo. "Lakini mama, wewe si umebatizwa?"

"Na mvua nayo imebatizwa?" Mama alisema, akamkabidhi Gaudensia kuku, akaelekea nyumbani mwake.

Yoakimu aliwasha msumeno. Hakuwa na ubao wa kukata. Aliuacha uzunguke mtupu, maana hakutaka kusikia ukimya utakaotoka kwenye ile nyumba ndogo.

Mama alitoka ameshika gunia la mahindi. Alikuja nalo mpaka bandani, akasubiri azime. Akazima.

"Yoakimu. Panya wa hapa siku hizi wanakula ngozi wanaacha gunia?"

"Panya wamezidi, mama," Yoakimu alisema. Alilisikia jibu lake mwenyewe na hakuamini kwamba amesoma mpaka kidato cha nne. "Wamezidi kweli. Hata mbegu wamekula."

"Na wamekunja vizuri."

Mama akaliweka gunia juu ya meza ya kazi, akasogea kwenye msumeno. Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya gurudumu la juu, akakipitisha polepole. Mahali fulani dole gumba likasimama. Palikuwa na mstari wa matundu madogo sana, pale shanga zilipokuwa zimeshonwa. Alilirudisha dole, akayapitia tena. Kisha akanusa vidole.

"Inanuka petroli," alisema, akatoka.

Jioni alikula nao. Alimshukuru Gaudensia kwa ugali, akasema mboga imeiva vizuri, akaulizia majirani. Gaudensia alijibu kila swali akiwa ameangalia sahani. Tangu aolewe hakuwa amewahi kusikia shukrani nzito kiasi kile.

*

Wanawake walifika asubuhi, wamevaa ngozi zao, bangili za shaba zikigongana, wakiongozwa na bibi mrefu mwenye fimbo. Mama aliwapokea uani amevaa kitenge. Alikuwa ameandaa maziwa kwenye vibuyu.

Yoakimu alikuwa bandani, nyuma ya lile bati lililochanika, na Gaudensia kando yake ameshika ufagio asioutumia. Waliona kila kitu. Walizungumza Kidatoga kule nje, lugha aliyonyonya nayo Yoakimu, kwa hiyo hakuwa na hata bahati ya kutoelewa.

"Udahayda, jua linapanda," bibi mrefu alisema. "Vaa tuondoke."

"Sina."

"Huna nini?"

"Ngozi sina."

Bangili zikanyamaza. Yule bibi aligeuka akaitazama nyumba kubwa, akalitazama banda.

"Kuna mwanaume aliyeigusa?"

Swali hilo si la mchezo. Kwa Wadatoga, mwanaume akiidhalilisha ngozi ya mwanamke hashtakiwi kwa wanaume wenzake. Wanawake wenyewe wanakaa kikao, wazee wa kiume wanakaa kimya wanangoja, na kikao kikimaliza mkosaji anatoa dume la ng'ombe au anabaki na laana yao, achague. Yoakimu hakuwa na dume. Maksai wake wawili walishageuka msumeno, na ili apate dume jingine ingebidi msumeno ugeuke tena kuwa ng'ombe. Aliyajua hayo. Mama yake pia aliyajua.

"Toka," Gaudensia alimnong'oneza.

"Wewe ndiye uliyeishika."

"Ndiyo. Nimeishika. Toka tukaseme wote."

"Ngoja kwanza wamalize."

"Wakimaliza utasema na nani?"

Yoakimu hakutoka. Alikuwa na sababu nyingi na aliziona zote zimejipanga: mabenchi, askofu, shamba, Mzee Pascal aliyemtetea. Zilikuwa sababu nzuri. Alisimama nyuma ya sababu hizo kama mtu aliyejificha nyuma ya watoto.

"Hakuna mwanaume," mama alisema kule nje. "Niliiuza mwenyewe. Kwa watu wanaowauzia watalii."

"Ulikuwa na njaa?"

"Hapana."

"Mgonjwa?"

"Hapana."

"Kwa nini basi?"

"Kwa tamaa," mama alisema.

Mwanamke mmoja alitema mate pembeni. Mwingine, kijana, alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka. Walikaa chini hapohapo uani, wakazungumza kwa muda, na mama akasimama katikati yao kama mwanafunzi aliyechelewa, mikono mbele, kitenge chake cha maua kikionekana cha kitoto kabisa kati ya ngozi zile. Walimuuliza aliwezaje. Walimuuliza kama alimwambia mumewe kaburini. Kila swali alijibu kwa uongo mpya, na kila uongo ulimfanya awe mtu mbaya zaidi.

Walipomaliza, bibi mrefu alisema Udahayda atatoa mtamba wake, na kwamba hatatembea nao wala kukaa nao mpaka siku kikao kitakapoona inafaa. Alisema bila hasira. Alikuwa na uchungu machoni. Yeye na Udahayda walikuwa wameolewa mwaka mmoja.

Mama alikuwa na mtamba mmoja tu, mwekundu, mwenye mimba ya kwanza. Alimfungua mwenyewe. Alimkabidhi kamba yule kijana aliyecheka. Wakatoka na ngozi zao na mtamba akiwa katikati, na maziwa yakabaki kwenye vibuyu, hakuna aliyeonja. Mama aliwasindikiza kwa macho akiwa amesimama ndani ya lango, mguu wake haujavuka hata kidogo.

*

"Nawafuata," Yoakimu alisema. Sasa alikuwa ametoka. Sasa miguu ilikuwa na nguvu. "Mama, nisamehe. Nawafuata, hawajafika mbali. Nasema ni mimi."

"Na mimi," Gaudensia alisema.

Mama alikuwa anamwaga maziwa ya wageni kwenye ndoo ya mbwa. "Mtasema nini? Kwamba nimekidanganya kikao?"

"Tutasema ulinificha."

"Ndiyo hiyohiyo. Wamenitoza kwa tamaa. Tamaa inapita, siku moja wataniita. Wakijua nimewadanganya nikiwa nimesimama katikati yao, hawataniita kamwe." Akatikisa kibuyu kuhakikisha kimeisha. "Ungetoka pale walipouliza, ingekuwa jambo lako. Sasa ni langu. Liache."

Yoakimu alisimama. Kisha akarudi bandani karibu anakimbia, akachukua kisu cha randa, akakiingiza chini ya ukingo wa ngozi kwenye gurudumu la juu. Kama hawezi kusema, angalau angevua. Gundi ilikuwa imeshika vizuri. Yeye ni fundi. Alikuwa ameinua kipande cha upana wa kidole mama alipofika mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Naivua, mama. Siwezi kufanya kazi nayo."

"Ukishaivua itakuwa nini? Itakuwa sketi?"

Yoakimu alikiacha kisu chini ya ngozi.

"Mtamba wangu yuko kwenye hilo gurudumu," mama alisema. Sauti yake haikupanda. "Na mimi nimo. Unataka kututupa jalalani sote? Gundisha hapo ulipofumua. Umeahidi watu mabenchi."

Gaudensia ndiye aliyekwenda kuchukua gundi. Yoakimu alipaka, akabana kwa kiganja mpaka ikashika, na muda wote huo alihisi chini ya kiganja yale matundu madogo. Mama alingoja. Hakuondoka mpaka alipouona utepe umerudi mahali pake na kusikia mota imeshika.

Mzee Pascal aliwakuta hivyo, mtu na mama yake na mkewe, msumeno ukizunguka. Alikuja kukagua, na alichokiona kilimfurahisha sana. Aliiokota mikono ya mabenchi mmoja mmoja, akaipapasa, akampigapiga Yoakimu mgongoni.

"Mama Scolastica, umezaa," alisema. "Wengine wananunua mashine mpya, huyu kafufua mfu. Mwanangu, siri yake ni nini? Kijana wa Katesh anasema hizi za zamani hazikati hivi."

Yoakimu alifungua mdomo. Mama alimtazama.

"Ni kuyavisha tu magurudumu vizuri, mzee," Yoakimu alisema.

"Basi sikilizeni. Siku ya askofu, benchi la kwanza kabisa mbele ni la mama huyu. Nimeamua mimi mwenyekiti, kamati itajua huko mbele. Mama, utakuja?"

"Nitakuja, Pascal," mama alisema. "Siku hizi sina pengine pa kukaa."

Mzee Pascal alicheka sana, akijua kwamba wazee wa Kidatoga wana utani, na akageuka kuona kama Yoakimu naye anacheka. Yoakimu alikuwa ameshainamia ubao, anausukuma kwenye utepe.